Riwaya ya mapenzi imenisaidia nyumbani kwangu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji wenu aliyeandika eti riwaya za mapenzi ni za kupotezea muda. Mi nadhani hajakutana na Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari wetu aliyepata Nobel mwaka 2021. Nimeisoma kwa Kiingereza, mwezi mzima, kamusi pembeni.

Mle kuna Hamza, kijana aliyejiunga mwenyewe na jeshi la Mjerumani, ile vita ya 1914 ikamtema akiwa na jeraha la nyonga, na aliyemkata kwa upanga ni mkubwa wake mwenyewe jeshini, sio adui! Anarudi mji wa pwani hana mtu. Na kuna Afiya, ambaye mzee aliyekuwa anamlea alimpiga hadi akamvunja mkono baada ya kujua kwamba binti anaweza kuandika. Sasa hawa wawili hawaparamiani. Hamza anachukua shairi la Schiller, yule mshairi wa Kijerumani, anatafsiri mistari michache kwa Kiswahili, anaiandika kwenye karatasi anampa, basi. Mambo ya vita hayamwagi yote siku moja, yanatoka kidogo kidogo, na Afiya anasubiri.

Hapo ndo nililia jamani, maana mume wangu alipata ajali ya basi miaka sita iliyopita, wenzake wawili wakafia palepale pembeni yake, na sisi wote tulikuwa tunamwambia jikaze wewe mwanaume, shukuru Mungu uko hai, na mimi nikawa kila siku namuuliza unawaza nini, unawaza nini, mpaka akaacha kabisa kuongea. Usiku saa nane anatoka anakaa barazani peke yake. Baada ya kile kitabu nikaacha maswali, nikawa natoka na kanga yangu nakaa naye, nachemsha chai ya tangawizi tunakunywa kimya. Ilichukua miezi. Siku moja, kikombe kiko mkononi, akataja jina la mmoja wa wale wenzake, mara ya kwanza tangu ajali, halafu akanieleza yule jamaa alikuwa anapenda kukaa dirishani.

Kwa hiyo Mhariri naomba, kile kiukurasa cha vitabu mlichokitoa mkirudishe, hata nusu ukurasa Jumapili, watu tupate kujua cha kusoma.

Msomaji wenu, Temeke, Dar es Salaam