Mahaka walianzia kwenye vitreni, sio kwenye wizi

Mhariri, naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wa barua.

Makala yenu ya wadukuzi nimeisoma yote, nzuri tu, ila pale mnaposema haka ni mtu aliyezaliwa na intaneti ili aibe nywila za watu hapo mmenikera, maana hilo neno na tabia yenyewe vina umri mkubwa kuliko intaneti na vilikulia chini ya meza ya treni za kuchezea. Sitanii.

Kuna klabu inaitwa Tech Model Railroad Club, ya wanafunzi wa chuo cha MIT, Cambridge, Massachusetts kule Marekani. Ilianza 1946. Chumba chao kilikuwa kwenye Building 20, jengo la mbao lililopigwa harakaharaka 1943 kwa ajili ya utafiti wa rada wakati wa vita, eti la muda tu, muda wenyewe ukaenda mpaka 1998 ndo likabomolewa! Humo ndani waliweka bonge la meza la reli za skeli ya HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na wanachama wakawa kama makabila mawili. Wapo waliopenda vya juu, kupaka rangi mabehewa, kufinyanga vilima, injini lazima ifanane na ile ya kweli hadi namba za ubavuni. Na wapo walioishi chini na mafundo ya waya, wakajiita Signals and Power Subcommittee, kamati ya ishara na umeme. Hao treni zikitembea vizuri wanaboreka.

Kwa nini chini kulikuwa kutamu? Mi nina kameza kangu nyumbani kwa hiyo naelewa. Reli ni mbili, moja chanya moja hasi, injini inakula umeme kupitia magurudumu. Ukitaka treni mbili ziende spidi tofauti inabidi reli uikate vipande, kila kipande na umeme wake, afu kuwe na kitu cha kuamua kipande hiki saa hii ni cha dereva gani. Na ukiikunja reli izunguke ijirudie yenyewe, chanya inakuja kukutana na hasi, shoti. Mara ya kwanza yalinikuta hayo nilikesha nakagua solda moja moja nikijua waya umelegea, kumbe mchoro wenyewe ndo mbovu.

Wale jamaa walipambana na hayo kwa rilei za simu. Rilei ni swichi inayovutwa na umeme badala ya kidole, ta, imefunga, ta, imefungua. Kama kipande cha mbele kina treni basi usipeleke umeme: hiyo sentensi waliiandika kwa rilei na waya, na ndo sentensi ileile programa anaiandika leo kwa kibodi. Walifunga mpaka vile visahani vya simu za kuzungusha, unazungusha namba ya kipande cha reli unachotaka kukiendesha. Treni ikitaka kugonga mtu anapiga swichi ya dharura, kila kitu kinasimama na saa ya ukutani inaandika FOO, neno lao tu la utani. Ufunguo wa chumba hupewi mpaka ufanye kazi masaa 40.

Humo ndo neno lilipokolea. Mwaka 1959 Peter Samson, mwanachama, aliandika kamusi ya maneno yao, na "hack", neno lililozaa haka, humo ni kitu unachokifanya bila faida yoyote ya kueleweka. Wizi haumo. (Sawa, vipuri vingine walikuwa wanajichukulia usiku bila kuuliza, hapo siwatetei.)

Kompyuta ndo zikafuata. Jack Dennis aliyepita kwenye klabu hiyohiyo akawaonyesha mashine ya TX-0, 1961 chuo kikapata kompyuta ya PDP-1, na 1962 Steve Russell na wenzake wakatoa gemu la Spacewar, la vyombo vya angani kupigana kwenye skrini, zile nyota za nyuma kaziweka Samson. Sasa sikilizeni hii, gemu lilichezwa kwa swichi za kwenye paneli ya kompyuta na zilikuwa zinawaumiza viwiko, basi Alan Kotok na Bob Saunders wakarudi chumba cha treni kuokota vipuri wakaunda visanduku vya kuchezea vya kushika mkononi. Halafu mtu anasimulia historia hiyo vitreni vinatajwa mstari mmoja kama vile vilikuwa benchi la kusubiria kompyuta ifike!

Klabu ipo hadi leo, walihamia jengo lingine miaka ya 90, na kwenye meza yao mpya kuna modeli ya ghorofa la chuo ambalo madirisha yake yanacheza Tetris, lile gemu la kupanga vipande vinavyodondoka.

Kwa hiyo mhariri wekeni marekebisho, na picha safari hii iwe ya treni, hilo jamaa la hudi nyeusi mbele ya skrini ya kijani limetuchosha.

Msomaji wenu wa kila wiki