Fundi, igeuze printa kabla ya kuizika

Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kibokoni, na kazi niliyobakia nayo ni kuchapa mitihani ya madrasa tatu za mtaani. Kiarabu nakichapa kwa programu niliyoizoea tangu miaka ya tisini, ya biti 16, ambayo hufunguka kwenye kompyuta yangu kuukuu ya Windows XP tu. Laptopu ya binti yangu ni ya Windows 11, na programu za aina hiyo haizifungui kamwe. Tafadhali wasomaji wasiniandikie kunishauri nibadilishe. Nimeshashauriwa sana.

Printa yetu ni moja, ya leza, ya mtumba, nyeusi na nyeupe tu. Miaka yote ilikuwa imefungwa kwa waya wa USB kwenye ile kuukuu, na laptopu ya zamani ya binti yangu ikichapa kwa kupitia kwayo. Ilipokuja hii mpya, mambo yakakatika. Haikuiona printa, haikuiona kompyuta mwenziwe, utadhani haziko nyumba moja.

Nikaibeba printa kwa tuktuk hadi kwa fundi mjini. Akaichomeka, akaitazama, akasema, "Mama, hii ishakufa. Chukua mpya tu, ninazo hapo." Nikamwuliza imekufaje, na asubuhi ile ile imenichapia karatasi arubaini? Akajibu kwamba imekufa kwa kompyuta za kisasa. Shilingi mia tano za kuangalia akazichukua.

Fundi wa pili alikuja nyumbani, na huyu angalau alijua tatizo liko wapi. Kompyuta mbili zikitaka kugawana printa huzungumza kwa utaratibu unaoitwa SMB, na XP inajua toleo la kwanza peke yake. Windows mpya zimeacha kuja na toleo hilo likiwa limewashwa tangu mwishoni mwa 2017. Kijana akaliwasha kwenye laptopu, ikachapa, tukafurahi, akaenda zake.

Furaha yetu ilidumu siku mbili. Mtoto wa kaka yangu, anayesomea mambo haya chuoni, alipoona akashika kichwa. "Shangazi, mlango huu haukufungwa bure." Akanieleza kwamba virusi vya WannaCry, vilivyozifunga kompyuta dunia nzima Mei 2017, vilisambaa kwa kupitia humo humo. Na XP yenyewe Microsoft, walioitengeneza, waliacha kuihudumia tangu Aprili 2014. Akaizima ile SMB, nami nikajiona nimerudi nilikoanza.

Basi akaigeuza printa. Jambo hilo hakuna fundi aliyelifanya. Nyuma, karibu na tundu la USB, palikuwa na kibandiko cha plastiki kilichokauka kwa joto, kikamvunjikia vidoleni. Chini yake pana tundu jingine, la waya wa mtandao, na vile vichuma vyake vinane vimeanza kuota kijani kwa hewa ya chumvi. Akavipangusa kwa pamba yenye spiriti, akangoja vikauke, akachomeka waya hadi kwenye rauta. Taa ikawaka.

Yaliyobaki hayakumaliza saa moja. Printa ikapewa anwani yake ya IP isiyobadilika, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao wa nyumbani, na kila kompyuta ikaelekezwa kwenye anwani hiyo moja kwa moja, pasipo kupitia kwa mwenziwe. Draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuiendesha printa, ni mbili, ya biti 32 kwa kuukuu na ya biti 64 kwa mpya. Hapo ndipo alipotafuta kidogo. Kwenye XP nafasi ya lango la kutokea nje akaiacha tupu. Kwa hivyo inafika kwa printa iliyoko sebuleni, lakini kwenye intaneti haitoki. Zamani nikizima kompyuta yangu binti yangu hawezi kuchapa. Siku hizi anachapa usiku nikiwa nimelala, na sauti ya ile mashine ndiyo inayoniamsha.

Karatasi bado hukwama msimu wa mvua, lakini hilo ni la unyevu wa pwani, na dawa yake ni kuzifunga kwenye mfuko wa plastiki.

Ninaloomba, Mhariri, ni ukurasa wenu wa teknolojia uyaandike mambo kama haya pia. Kila wiki tunasomeshwa habari za simu mpya, na huku majumbani mwetu tuna vyombo vizima vinavyouzwa kwa wanunua chuma chakavu kwa sababu fundi hakutazama nyuma. Nami yule wa mjini nitampitia Jumamosi, nimpelekee karatasi moja iliyochapwa na maiti yake. Mia tano yangu nitaidai papo hapo.

Mwalimu mstaafu,
Kibokoni, Mombasa