Barua kwa mpwa wangu aliyenunua tangi la maji chumvi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Picha ya tangi lako la mtumba nimeipata, na swali lako pia, la kama utaweza kutia tumbawe la kwanza kabla ya mwezi kwisha. Jawabu langu ni hapana, na kwa kuwa najua neno hilo likija peke yake hukukera tangu utotoni, nimeona nikueleze kwa urefu, tena hadharani, maana wapo wengi huku Uingereza wenye tangi kama lako na haraka kama yako.

Kuta za nyumba ya bibi yako pale Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe tanurini. Hayo ndiyo unayotaka kuyafuga: wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa kwa kuvuta kalsiamu na ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi) kutoka majini, kutwa kucha. Baharini akiba hiyo haihisiki kupungua, lakini katika lita zako 250, koloni chache zenye afya huweza kuiteremsha kwa kiasi cha kupimika ndani ya siku moja. Kwa hiyo kazi yako kubwa itakuwa kuyafanya maji yawe leo kama yalivyokuwa jana.

Nililijua hilo kwa hasara. Katika tangi langu la kwanza, wiki ya saba, nilitia kipande cha Acropora, tumbawe gumu la matawi, cha zambarau, urefu wa kidole gumba. Jioni moja nilipima ualkali nikakuta digrii 7 za kipimo cha Kijerumani, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba 9 ni bora, nilikoroga poda kikombeni nikamimina yote kwa mkupuo. Kesho yake asubuhi ngozi ilikuwa imeanza kubanduka chini, pale kipande kilipogandishwa kwa gundi, na kila nilipopita mbele ya tangi mstari mweupe ulikuwa umepanda kidogo, mpaka siku ya tatu nikabaki na kijiti cheupe. Ile 7 haikuwa na ubaya wowote, kwani maji ya bahari yenyewe huwa karibu na hapo; kilichoniponza ni kuipandisha ghafla. Wewe chagua kiwango kati ya 7 na 9, ukikalie, na ukilazimika kurekebisha, usizidishe digrii moja kwa siku. Kalsiamu iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu karibu na 1,300.

Sasa maji. Usitumie ya bomba hata kidogo: huku kampuni nyingi za maji huyatia fosfati kwa makusudi ili risasi ya mabomba ya zamani isiyeyuke, na fosfati ikizidi huwalisha mwani na kuyadumaza matumbawe. Nunua mtambo wa kuchuja maji wa osmosi rejea wenye hatua ya mwisho ya punje za rezini, na usiyaamini maji yake mpaka kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome sifuri. Chumvi itie kwenye maji, usimimine maji juu ya chumvi, kisha acha pampu ikoroge usiku kucha hadi upate sehemu 35 kwa elfu katika nyuzi 25 za joto. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Ndugu yetu mmoja alikuwa akijaziliza kwa maji ya chumvi kila wiki na kushangaa kwa nini konokono wake hawatoki ndani ya makombe yao.

Kisha weka mawe, na umuulize aliyekuuzia kama aliwahi kutibu samaki kwa dawa ya shaba ndani ya tangi hilo. Akisita, mawe yake yatupe, kwani jiwe hunywa shaba na kuitoa baadaye, nayo ni sumu kwa matumbawe na kamba. Tia amonia kidogo, usubiri bakteria waigeuze kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Hilo huchukua wiki nne hadi sita, na hapo ndipo wengi hudhani tangi liko tayari. Liko tayari kwa samaki mmoja au wawili. Utaona vumbi la kahawia juu ya mchanga, kisha nyuzi za kijani, na utatamani kusugua kila kitu na kufuta nitrati yote. Usifanye hivyo, kwani nitrati na fosfati zikifika sifuri huweza kukuletea ute wa kahawia wenye mapovu ambao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wowote. Mimi husubiri ukoko wa waridi uanze kutambaa juu ya mawe na kioo, kwa sababu mwani ule nao hujenga kwa chokaa, na ukistawi wenyewe, ujue mnyama wa chokaa ataweza kuishi. Kwa Acropora sishauri chini ya miezi sita.

Taa na pampu za mawimbi tutazungumza kwa simu.

Kuhusu wazo lako la kubeba vipande kutoka Unguja ukienda likizo, liache. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na huwezi kuyavusha mpaka bila kibali, hata kama umeyaokota yakiwa yamekufa ufukweni. Nitakukatia vipande kutoka tangi langu wakati ukifika.

Mwisho wa mwezi nitakuja na refraktomita yangu, kile kipimo cha chumvi, tuilinganishe na yako. Mpaka hapo, mfuko wa chumvi usiufungue.

Mjomba wako