Kaka, ulijua tangu Tumling

Kaka,

Simu yako ya Idi niliiona. Nilikaa nayo mkononi ikaita mpaka ikakata. Sio kwamba sikuwa na la kusema, nilikuwa nalo jingi mno, ndo maana nimeona bora niandike.

Nianze na shukrani, maana mama angeanza hivyo. Ahsante kwa kunisindikiza. We ulikuja Delhi kununua spea za pikipiki pale Karol Bagh, hukuja kupanda milima, lakini nilivyokwambia rafiki yangu wa Darjeeling katukaribisha kwa mama yake mkubwa ulikubali hapo hapo, tukakaa kwenye treni mchana na usiku mpaka New Jalpaiguri, na pale Manebhanjan tulivyopanda ile Land Rover ya miaka ya 1950 ukawa unanishika bega kila kona kama ulivyokuwa unanishika kwenye pantoni. Begi langu ulibeba wewe. Sweta lako nilivaa mimi. Hayo sijasahau.

Na kijiji chenyewe, Tumling, kilikuwa kizuri, tusidanganyane. Nyumba chache tu juu ya mgongo wa mlima, karibu mita 3,000, njia inatoka India inaingia Nepal inarudi tena India, simu ya rafiki yangu kila ikishika mnara wa Nepal saa inaruka dakika 15 mbele. Sisi askari wa mpakani walitukagua pasipoti wakaandika majina kwenye daftari, lakini yule mama mwenye nyumba anavuka kwenda kununua mchele wake na hakuna anayemuuliza, wana mkataba wao na Wahindi tangu 1950.

Jioni ile ukatoka ukasema unaenda kutafuta mtandao pale kilimani. Ulirudi macho mekundu. Ukasema baridi. Ukakaa, ukala wali na dengu, ukatafuna churpi, ile jibini ngumu kama jiwe, na rafiki yangu alivyotusimulia kwamba watu wa kwanza kupanda Kangchenjunga mwaka 1955 walisimama hatua chache chini ya kilele kwa sababu mfalme wa Sikkim aliahidiwa hakitakanyagwa, wewe ndo uliuliza maswali kuliko wote. Na yule mama ukamshukuru, ukamwita mama.

Kumbe Pangani walikuwa ndo wametoka makaburini.

Saa kumi na moja alfajiri ukaniamsha wewe mwenyewe. Mlima wote uko wazi mbele yetu, mita 8,586, wa tatu kwa urefu duniani, na ukiutazama pamoja na wenzake wa pembeni unaona mtu kalala chali, kichwa, tumbo, miguu. Wenyeji wanasema ni Buddha kalala. Mi nikacheka nikakwambia Kaka mbona mi naona maiti kwenye sanda. Hukunijibu. Nikakwambia basi nipige picha tumtumie mama, si alitaka kuona theluji. Ukapiga. Ukapiga tena. Ya tatu ukaniambia tabasamu.

Hilo ndo linalonishinda Kaka. Kunificha naweza kukuelewa, ila ulitoa wapi sauti ya kuniambia tabasamu?

Ukaja kuniambia pale stesheni, treni imechelewa, watu wamelala chini wamejifunika shuka mpaka usoni. Siku mbili nzima nimecheka na mama yangu yuko chini ya udongo.

Najua utasema aliye safarini hapewi habari ya msiba, na kule juu usiku ningefanya nini. Sawa. Ila una watoto sasa, nikushauri kitu kimoja. Siku ikitokea, waambie. Hata wawe wapi waambie, mtu akijua anajitandia ushungi wake, anasoma Yasini, analia, hata akiwa mbali anakuwa amemzika mzazi wake. Mi nilinyimwa hata hilo. Na kuhusu arobaini, maana yanayosemwa hapo nyumbani yananifikia, eti nilipata hela ya kwenda kutalii nikakosa nauli ya kuja msibani, we si ulikuwepo? Tulilala bure kwa watu, gari ulilipa wewe, treni tulipanda behewa la bei ya chini, sasa hiyo inalinganaje na tiketi ya ndege, tena wiki ya mitihani? Wewe unajua yote hayo na ukanyamaza mbele yao. Na mama mwenyewe ndo aliniambia niende. Alisema nenda mwanangu, usije ukakaa India miaka minne ukajua bweni tu. Voisi ninayo. Alisema presha imeshuka, kwa mdomo wake, mi ningejuaje.

Halafu kanga za kwenye sanduku mwambie mamdogo asigawe mpaka nije, hasa ile pea ya kijani, unaijua. Na dirisha la chumba chake walifunge, mvua zimeanza.

Zile picha ulizonitumia nilizifuta pale pale stesheni, sikutaka hata kuziangalia. Kwako najua zipo, wewe hufuti kitu. Nitumie ile ya tatu. Namba ni ile ile.