Simu nzima au pembe zake?

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mama yako nilimpitia Jumapili, ni mzima, ila anasema umekonda kwenye picha.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mwalimu amewapa kesi ya Apple na Samsung, ile ambayo Apple ilidai Samsung imeiga umbo la iPhone, nawe umeona haki ilitendeka, kwani aliyeiga lazima alipe. Alipe, sawa. Lakini alipe nini?

Mimi sheria sijaisomea, ila simu nazifungua kila siku. Ukitoa kioo na kava unakuta bodi, betri, kamera, spika, antena, mfumo wa chaji. Zile pembe za mviringo walizogombania ni ngozi tu. Lakini sheria ya Marekani inamruhusu mwenye hataza ya umbo, yaani haki ya pekee ya kutumia umbo alilobuni, kudai faida yote ya aliyemwiga. Yote, Zuhura! Kanuni hiyo mizizi yake ni mwaka 1887, na ilitokana na kesi za mazulia: mahakama iliwapa wenye michoro senti 6 tu, Bunge likaona wamedhulumiwa. Kwa zulia naelewa, mtu hulinunua kwa nakshi yake. Simu je? Sijawahi kupata mteja aliyeniambia alinunua simu kwa ajili ya pembe.

Ndiyo maana Desemba 2016 nilifurahi. Samsung ilikuwa imetozwa dola milioni 399 kwa ajili ya umbo, na majaji wote 8 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba kinachohesabiwa faida si lazima kiwe simu nzima, chaweza kuwa sehemu yake. Ila hawakutoa kipimo cha kuijua sehemu hiyo. Kesi ikarudi San Jose, California, na Mei 2018 jopo jipya la wananchi wanaoamua kesi likaitoza Samsung dola milioni 539. Zikapanda! Mwezi uliofuata wakapatana, masharti hawakuyatangaza.

Kuna jingine linaniuma. Tarehe 24 Agosti 2012, mahakama ya Seoul, Korea Kusini, kwao Samsung, ilisema kampuni zote mbili zimeingilia hataza za mwenzake, ikazitoza fedha kidogo. Tarehe hiyohiyo, huko San Jose, katika kesi ileile ya umbo ilipoamuliwa mara ya kwanza, jopo la wananchi 9 waliopewa fomu yenye maswali zaidi ya 700 walimaliza ndani ya siku 3: Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni 1, Apple isilipe hata senti. Najua utanijibu kwamba hataza haivuki mpaka, kila nchi na usajili wake. Ni kweli. Lakini kila mmoja alipata nafuu kwao, na hilo mimi siwezi kulipita hivihivi.

Mwaka 2013 tume ya biashara ya Marekani ilizuia kuingizwa nchini kwa iPhone za zamani kwa sababu ya hataza ya Samsung. Agosti serikali ya Obama ikaitengua amri hiyo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Oktoba ilikuwa zamu ya simu za Samsung kuzuiwa, na serikali ikaiacha amri isimame. Sababu ilikuwepo, nami siidharau: hataza ile ya Samsung ilihusu kiwango cha mawasiliano kilichotumiwa na simu nyingi za wakati ule, na Samsung yenyewe ilikuwa imeahidi kuikodisha kwa masharti ya haki. Ila jiweke mahali pa mfanyakazi wa Samsung anayesoma habari hizo mbili Seoul. Angeamini nini?

Pamoja na barua hii nakutumia kifurushi. Ndani mna Galaxy S ya zamani iliyokufa, nimeifungua yote, kila kipande kwenye kimfuko chake. Kava nimelifunga kwa uzi mwekundu. Vipange mezani darasani, kisha mwombe mwalimu akuonyeshe kwa kidole faida ilikokaa. Jibu lake niandikie lote, usilifupishe.

Wako,
Mwajuma