Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wapaka Rangi wa Sanamu Ndogo, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Ya kawaida mnayajua. Jumamosi za kupaka rangi zimefanyika, darasa la wanaoanza limefanyika mara mbili, maonyesho ya Desemba pia. Kumbukumbu anazo katibu.

Nije kwenye kompresa, ile mashine yetu ya hewa ya kupulizia rangi. Inasemwa kwamba mwenyekiti ameuza mali ya chama bila kuuliza mtu. Niliitisha kikao Machi, nikaitisha tena Aprili, na akidi haikutimia. Aprili tulikuwa wanne, mvua inanyesha, na aliyefungua ukumbi na kupanga viti ni mimi. Katiba yetu inairuhusu kamati tendaji kuamua jambo la dharura, na mwenye ukumbi alishakuja mlangoni kudai pango lake. Daftari lina majina 38. Waliolipa ada ya shilingi 60,000 ni 13, yaani 780,000, na pango la mwaka ni 1,080,000. Kompresa pamoja na bunduki yake ya rangi tuliiuza 450,000, rangi na brashi zikala 95,000, mweka hazina amebaki na 55,000. Risiti zipo, aje yeyote azikague.

Na ile mashine masika ilitufaa nini? Kwa unyevu wa Dar, mpira wa kupitishia hewa ulikuwa unatema matone ya maji juu ya sanamu, rangi inachuruzika, tunafuta, tunaanza upya. Sanamu ya milimita 28, jicho lake halifiki punje ya ulezi. Hilo hupakwa kwa ncha ya brashi, rangi umeizimua kwa maji, pumzi umeizuia. Kazi hiyo nimewafundisha wengi wenu kwa mkono wangu, na hatukuhitaji umeme.

Kinachoniuma zaidi ni viti vitupu. Najua boksi la sanamu la kuagiza Nottingham, Uingereza, linafika limebeba nauli na ushuru, na anayechapa sanamu za plastiki ya rezini kwa printa nyumbani kwake haoni sababu ya kupanda daladala. Lakini kupaka kivuli kwenye mikunjo ya joho mlijifunzia kwenye meza hizi, na wapya watajifunzia wapi? Ada yetu ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Wanachama 25 hawajatoa hata ya mwezi mmoja, na simu zangu hawapokei.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata wafadhili, kuzifikia shule, na ikiwezekana kununua kompresa nyingine yenye kichujio cha maji.

Mwisho, kabatini kuna sanamu 11 zimepakwa praima nyeusi, yaani rangi ya kwanza ya chini, zimeshika vumbi, wenyewe hawajaonekana tangu Juni. Moja upanga wake umeshapakwa hadi nusu, na mng'ao wake umekaa vizuri sana. Mwenye sanamu hiyo namwomba aje aimalize. Ukumbi tumeulipia hadi tarehe 31, na ufunguo ninao mimi.

Mwenyekiti