Jibu nililokupa kuhusu Mzee

Ndugu yangu Idrisa,

Salamu nyingi, na Mzee umfikishie shikamoo yangu. Sisi hatujambo, ila Zuhura bado anakudai kitabu chake. Miezi miwili ya kimya sina cha kuitetea. Jana Hamisi aliponieleza kwamba PSA ya Mzee, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu kufuatilia saratani yake, imeanza kupanda tena, nilikumbuka nilivyokujibu kwenye simu, "Sindano za kushusha homoni zimeshaiua saratani, tulia," nikaona sina budi kukuandikia, kwa kuwa jibu lile halikuwa sahihi.

Seli haigawanyiki ghafla. Kabla ya kunakili DNA yake hukaa katika hatua iitwayo G1, na hapo RB, yaani protini ya jeni ya RB1, huwa imeikamata protini nyingine, E2F, isipate kuwasha jeni za kunakili. Ili seli ipite, vimeng'enya viitwavyo CDK, vikishirikiana na protini za saiklini, huibandika RB fosfati mpaka iiachie E2F. Katika tezi dume, homoni za kiume ndizo zinazochochea saiklini D ziongezeke. Kwa hiyo sindano inaposhusha testosteroni, homoni kuu ya kiume, saiklini hizo hupungua, RB hubaki imeshikilia, na seli nyingi hukwama G1. Zimekwama, Idrisa. Baadhi hufa, lakini nyingine zinangoja tu, na mimi nilizihesabu zote kuwa maiti. Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba kuondoa homoni huirudisha nyuma saratani hii, na kwa wagonjwa wengi ambao imeshasambaa hunyamaza kwa muda, kisha ikaamka.

Huamka kwa njia nyingi. Mara nyingi seli hujiongezea vipokezi vya homoni, yaani protini zinazoipokea ishara yake, hata homoni kidogo iliyobaki ikatosha kuichochea. Ninayoiogopa zaidi ni ile ya kupotea kwa RB1 yenyewe, kwa sababu hapo hata ukishusha homoni namna gani, hakuna tena kinachoizuia E2F. Ikipotea pamoja na jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika au kuiamuru ife, seli zinaweza kubadili tabia kabisa na kuacha kutegemea homoni. Hata dawa za kuzuia CDK4 na CDK6, kama palbosiklibu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya matiti, huhitaji RB iwepo ndipo zifanye kazi. (Najua unanicheka kwamba nageuza barua kuwa darasa. Nivumilie kidogo.)

Narudi kwenye PSA, maana ndiyo iliyonihadaa. Jeni inayotengeneza PSA nayo hutii homoni za kiume, hivyo baada ya sindano namba ingeshuka hata kama seli nyingi bado zi hai. Nami nilishangilia namba! Lakini jambo hilohilo lina upande wa pili: zile seli zilizobadili tabia zinaweza kukua huku PSA ikiwa chini, ilhali PSA inayopanda huashiria kwamba seli nyingi bado zinasikiliza kipokezi cha homoni, na dhidi ya seli za namna hiyo zipo dawa kama abirateroni na enzalutamidi. Sisemi kwamba ni hakikisho. Nimeshakuhakikishia mara moja na umeona.

Sasa nijibu haya. Je, testosteroni ya Mzee imepimwa pamoja na PSA, au imepimwa PSA peke yake? Kuna sindano aliyochelewa? Analalamika maumivu ya mgongo au nyonga? Kile kipande cha nyama kilichochukuliwa mwanzoni bado kimehifadhiwa, na daktari amezungumzia kupima jeni, hasa BRCA2, jeni ambayo hitilafu yake huweza kurithiwa? Ikiwa hitilafu hiyo imo katika familia, hilo linakuhusu hata wewe. Na Mzee mwenyewe ameshaambiwa kwamba PSA inapanda tena, au bado mnamficha?

Wako,
Salim